Chandarua na Swali la Mlipaji

Kabla chandarua hakijawa kitu cha kila nyumba, watu wa pwani walikuwa na fumba. Ni mkeka mpana wa ukindu uliokunjwa katikati na kushonwa kandokando mpaka ukawa mfuko; mtu hujitia ndani, akauvuta mdomo wake juu ya kichwa, akalala kama muhogo guniani. Joto lake halikuwa la kusimuliwa, lakini mbu alibaki nje akiimba. Asiyekuwa na fumba alichoma makumbi ya nazi au majani ya kivumbasi, akavumilia moshi hadi usingizi umchukue. Chandarua nacho kilikuwapo, tena tangu zamani, ila mahali pake palikuwa juu ya kitanda cha besera, chenye nguzo zake nne, katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe. Kilitundikwa kwa ajili ya stara na heshima ya chumba kama kilivyotundikwa kwa ajili ya mbu, na aliyelala ndani yake alijulikana kuwa ni mtu mwenye chake. Kwa hiyo watu hawakuwa wakingojea mtu awavumbulie chandarua. Walikijua, walikitamani, na waliona kwa macho kwamba kinafanya kazi. Kilichokosekana ni njia ya kukifikisha kwa mtu wa fumba. Nadai hapa kwamba historia ya chandarua Afrika Mashariki, hata baada ya sayansi kukitia dawa na kukipima kwa mizani kali, imekuwa zaidi ya yote historia ya swali moja la kisera: nani alipe? Maabara ilifanya kazi yake mapema. Jibu la swali hilo ndilo lililochelewa.

Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza aliyekuwa Secunderabad, India, aliona vijidudu vya malaria katika ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza homa hiyohiyo. Serikali ya Kijerumani ilianza na njia ya dawa: kuanzia mwaka 1901 wakazi wa mji walipimwa damu, na waliokutwa na vijidudu wakapewa kwinini. Njia hiyo ilihitaji hadubini, wahudumu na fedha, nayo ilimhesabu Mwafrika kuwa mgonjwa wa kutibiwa, walau kwa nia ya kumkinga Mzungu aliye jirani yake. Lakini palikuwa na njia nyingine iliyompendeza zaidi mtawala, nayo ni umbali. Kama mbu haruki mbali, basi watenganishe watu. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa na Waingereza kuzunguka Afrika Mashariki mwaka 1913, alishauri miji igawanywe kwa rangi za watu, na kati ya mtaa na mtaa paachwe ardhi tupu. Anayepita leo Mnazi Mmoja akielekea Kariakoo anakanyaga wazo hilo: uwanja ule ulikuwa ukanda wa kumtenga Mwafrika na wengine, na afya ikatolewa kama hoja. Upande wa Uzunguni palikuwa na chandarua kitandani na wavu wa waya dirishani. Upande wa pili, mtu alichukuliwa kuwa ghala la ugonjwa. Kinga ilikuwapo kwa tabaka moja, na gharama yake ilibebwa na wote, kwani kodi ya kichwa haikuchagua mtaa.

Miaka iliyofuata ilijaa majaribio makubwa yaliyokiruka chandarua. Kati ya mwaka 1954 na 1959 nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dieldrin. Malaria ilishuka sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upuliziaji ukasimama, na kidogo kidogo ugonjwa ukarudi. Mwaka 1973 Tanzania ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 waliishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadili. Malaria ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa. Kampeni ile inastahili heshima zaidi ya inayopewa, maana ilimchukulia mwanakijiji kuwa mtu anayeweza kufikiri juu ya afya yake mwenyewe. Hata hivyo elimu ina mpaka wake. Mtu anaweza kuchimba choo kwa jembe lake, chandarua hakichimbwi. Miaka michache baadaye maduka yakawa na rafu tupu, na chandarua kikawa adimu kama sabuni na khanga.

Mageuzi ya kisayansi yalianza katikati ya miaka ya 1980, na sehemu yake ilifanyika hapahapa kwetu. Huko Muheza, Tanga, watafiti walijenga vibanda vya majaribio, wakawalaza watu ndani ya vyandarua vilivyotiwa permethrin, kisha asubuhi wakahesabu mbu waliokufa, waliokimbia na walioshiba damu. Jambo lililojitokeza lilikuwa la ajabu kidogo: hata chandarua kilichotobolewa makusudi, kikitiwa dawa, kiliwazuia mbu wengi wasimuume aliyelala. Kilikuwa kitambaa, sasa kikawa mtego. Mwaka 1991 yakachapishwa matokeo ya Gambia yaliyoonyesha vifo vya watoto kushuka kwa kiwango ambacho baadhi ya wataalamu walikitilia shaka. Shaka hiyo ilijibiwa Kilifi, pwani ya Kenya, ambako jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kupungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali kupungua kwa asilimia 44. Majaribio ya nchi mbalimbali yalipojumlishwa, hesabu ilisimama kwenye maisha kama 5.5 yanayookolewa kila mwaka kwa kila watoto 1,000 wanaokingwa. Na Siaya, magharibi mwa Kenya, kukaonekana jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililopaswa kuumaliza mjadala papo hapo: hata watoto wasio na vyandarua walikingwa, mradi waliishi ndani ya mita 300 hivi kutoka nyumba zenye vyandarua, kwa sababu mbu wa eneo lote walikuwa wakifa.

Tafakari maana ya hilo. Kitu kinachomkinga jirani hakiwezi kuachwa kwenye mkoba wa mtu mmoja peke yake, maana kila mmoja atapima faida yake tu, naye atanunua kidogo kuliko inavyofaa wote. Barabara hatuziuzi kwa vipande, wala chanjo ya surua hatuiweki dukani karibu na biskuti. Lakini chandarua chenye dawa kilizaliwa katika zama zenye imani nyingine. Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali za serikali mwaka 1989, na Tanzania ikaanza uchangiaji mwaka 1993. Hewa ya miaka ile, iliyovuma kutoka Washington hadi ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ilisema huduma isiyolipiwa haidumu. Chandarua kikaingia katika hewa hiyo kama bidhaa.

Haki inadai niseme kwamba kilikuwa bidhaa iliyouzwa kwa akili nyingi. Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamati za vijiji ndizo zilizosimamia uuzaji na utiaji dawa. Watafiti wa huko waligundua kwamba kwa wazazi wengi homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida tu, ilhali degedege lilikuwa jambo jingine kabisa, la shetani au la ndege apitaye juu ya nyumba usiku. Na wengi walitundika chandarua kwa sababu ya kero ya mbu wakati wa mvua, wakakikunja kiangazi mbu wanapopungua. Ujumbe ukabidi uanzie hapo watu walipo. Kutoka hapo likaja bonde la Kilombero na Ulanga, ambako kituo cha Ifakara kilianzisha mwaka 1997 mradi wa kuuza vyandarua na dawa kwa jina la Zuia Mbu, kupitia wenye maduka na mawakala vijijini. Katika miaka mitatu watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50, na uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne ukaongezeka kwa asilimia 27. Hakuna mwenye akili timamu atakayeyabeza mafanikio hayo. Lakini takwimu hizohizo zinaonyesha nyufa: pengo kati ya kaya fukara na zenye uwezo lilipungua, halikuzibika.

Ufa wa pili ulikuwa kwenye beseni. Chandarua cha enzi zile kilihitaji kutiwa dawa upya kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mama alipaswa kununua pakiti ya dawa, avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, apime maji kulingana na ukubwa wa chandarua, akitumbukize na kukikanda hadi kinywe maji yote, kisha akilaze juu ya mkeka kivulini mpaka kikauke, kwa sababu jua huiharibu dawa na kukitundika kibichi huifanya ichuruzikie chini. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu ni kwamba kwa macho chandarua kinabaki vilevile, kina dawa au hakina, na hela ya pakiti inashindana na hela ya unga. Wengi walinunua mara moja, wakafua kila kilipochafuka, na hawakurudi dukani. Gambia, ambako dawa ilikuwa ikitolewa bure, utiaji dawa uliporomoka mara watu walipotakiwa kuilipia.

Aprili 2000 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kwamba ifikapo mwaka 2005 asilimia 60 ya watoto wadogo na wajawazito watakuwa wakilala ndani ya vyandarua vyenye dawa, na wakahimizana kuondoa kodi. Tanzania ilijibu kwa ubunifu wake wenyewe, Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004. Mjamzito alihudhuria kliniki, akapewa hati, akaenda nayo dukani, akaongeza tofauti ya bei na kuondoka na chandarua. Mwenye duka akairudisha hati kwa msambazaji kupata mali mpya. Mpango ule ulikuwa mzuri kwa namna mbili: uliwalenga walio hatarini zaidi, na uliyaacha maduka yakiwa hai. Kasoro yake ilikuwa palepale kwenye neno tofauti. Mwenye kukosa hiyo tofauti alirudi nyumbani na karatasi. Na ingawa kliniki ilifikiwa na karibu kila mjamzito, duka lenye vyandarua halikuwa katika kila kijiji.

Kenya ndiyo iliyolivunja fundo. Mwaka 2006 iligawa bure vyandarua milioni 3.4 kwa mkupuo. Katika maeneo yaliyokuwa yakifuatiliwa ya Kwale, Bondo, Kisii na Makueni, watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa asilimia 7 mwaka 2004, wakafika asilimia 67 mwishoni mwa mwaka 2006, na kwa waliopata katika ugawaji ule tofauti kati ya maskini na tajiri ikakaribia kufutika. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili msimamo, likapendekeza vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa mno. Tanzania ikafuata kwa kampeni ya watoto wa chini ya miaka mitano, kisha mwaka 2010 na 2011 ikagawa kwa kaya zote. Tangu uthibitisho wa Kilifi hadi mgao wa Kenya imepita miaka kumi. Hakuna uvumbuzi uliokuwa ukingojewa katika miaka hiyo kumi isipokuwa mmoja, wa chandarua chenye dawa ya kudumu, na huo nao ulikuwa umekwisha fika.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la zamani: kitu cha bure hakithaminiwi. Linasikika kama busara, nalo lina bahati ya kuweza kupimwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima katika kliniki za magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Bei ilipopandishwa kutoka sifuri hadi shilingi 40 za Kenya, idadi ya wajawazito waliochukua vyandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Bei ilimchuja asiye na hela. Asiye na haja hakuguswa. Wapo watakaotaja vyandarua vya kuvulia samaki na kuanikia dagaa. Ni kweli, vimeonekana Ziwa Victoria na kwingineko, na uvuvi wa namna hiyo unaangamiza samaki wachanga. Lakini vingi vinavyoonekana kwenye bustani na mabanda ya kuku ni vile vilivyokwisha chakaa, na mvuvi anayeanika dagaa juu ya chandarua kipya anatuambia kwamba ana njaa kabla ya kutuambia kwamba hana shukrani. Hata shati la kununua huishia kuwa tambara la kudekia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ugawaji wa bure uliua biashara. Hapa sina budi kukubali sehemu. Mtandao wa maduka uliojengwa kwa miaka mingi ulidhoofika baada ya kampeni kubwa, na Hati Punguzo ikafikia tamati mwaka 2014. Mama aliyejifungua katikati ya kampeni mbili angebaki bila kitu kama serikali isingeanza kugawa kupitia shule na kliniki. Ila biashara ni pana kuliko duka la rejareja. Kiwanda cha A to Z cha Arusha, kilichopokea teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani mwaka 2003 na kuanza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa imo ndani ya uzi wenyewe, hakikukua kwa kumuuzia mama mmojammoja. Kilikua kwa oda za mamilioni zilizolipwa na fedha za umma.

Wengine watasema malaria ilipungua kwa sababu nyingine: dawa mseto iliyoingia Tanzania mwaka 2006, kipimo cha haraka, nyumba bora. Zote zina fungu lake. Hata hivyo uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba Afrika iliepushwa visa milioni 663 vya malaria tangu mwaka 2000, na asilimia 68 kati ya hivyo ni kwa vyandarua. Takwimu za Tanzania nazo zina somo lake. Watoto wadogo waliokutwa na vijidudu walikuwa asilimia 18 mwaka 2007-08. Wakashuka, wakapanda tena hadi kama asilimia 14 mwaka 2015-16, kisha wakafika asilimia 7 mwaka 2017. Kupanda kule katikati kulikuja wakati vyandarua vya kampeni kuu vilikuwa vimechanika na mbu wamekwisha izoea dawa. Sayansi ilirudi kazini, na kwa mara nyingine ikajibu haraka: jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 46 katika vijiji vyenye vyandarua vya kawaida, na asilimia 26 palipogawiwa vyenye dawa ya pili, chlorfenapyr. Chandarua kipya ni ghali kuliko cha zamani. Swali likarudi mlangoni.

Na hapa lipo pingamizi ambalo sitaki kulipita kwa haraka, kwa kuwa linaigusa hoja yangu penyewe. Chandarua cha bure hakikuwa bure. Kililipiwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Dunia, ulioanzishwa mwaka 2002, na mpango wa malaria wa rais wa Marekani, ambao Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zake tatu za mwanzo. Anayesema kwamba tulihamisha tu mzigo kutoka mkoba wa mama kwenda mkoba wa mlipakodi wa ng'ambo anasema kweli, na mtikisiko wa misaada ya Marekani mwanzoni mwa mwaka 2025 ulionyesha jinsi mkoba huo unavyoweza kufungwa kwa amri ya siku moja. Lakini dawa ya udhaifu huo haiwezi kuwa kumrudishia mama bili. Tumekwisha ona bili ile inavyochuja. Kilichobaki ni sisi wenyewe kulipa kwa pamoja, kupitia hazina, kama tunavyolipia askari na barabara. Chandarua cha dawa ya kudumu kimekusudiwa kustahimili kufuliwa mara 20 na miaka mitatu ya matumizi, kwa hiyo bili yake inajulikana mapema kuliko bili ya mafuriko au ya uchaguzi. Bajeti ya afya husomwa bungeni kila mwaka kwa Kiswahili. Itakaposomwa tena, msomaji, tafuta mstari wa vyandarua, angalia ni kiasi gani kinatoka kwetu, kisha umuulize mbunge wako.